Mfagizi Kwenye Kijia cha Baiskeli

Kila siku nikitoka shule huwa navua sare, nafagia vipande vya vitambaa chini ya cherehani ya mama, kisha natoka na baiskeli kabla mama hajakumbuka kazi nyingine. Mama ni fundi wa nguo. Wenzangu wananiita Cherehani, kwa sababu nikikanyaga pedali magoti yangu hayatulii. Binamu yangu wanamwita Breki, kwa kuwa hana.

Tulikuwa tunaendesha kwenye bustani ya mji, lakini si kwenye njia pana ya lami. Nyuma ya bustani kuna kilima chenye miti, na humo waendesha baiskeli walijichimbia kijia chao chembamba, chenye kona na matuta. Hakuna aliyetupa ruhusa. Msimamizi wa bustani, mama mrefu asiyependa mchezo, alikuwa ametuonya: "Nimewavumilia vya kutosha. Siku mtu akiumia pale, nafunga kwa seng'enge."

Sisi tulikuwa na utaratibu wetu. Juu ya kilima tulitundika kitambaa chekundu kwenye tawi. Anayeshuka anakichukua, akifika chini anazunguka kukirudisha. Ukikuta tawi tupu unasubiri, maana kuna mtu njiani. Mwenye kitambaa alijua kijia ni chake peke yake. Hatukuwahi kufikiri kwamba anayetembea kwa miguu hana habari na kitambaa chetu.

Siku hiyo nilifika wa kwanza. Nikatia kitambaa mfukoni, nikashuka mbio. Kwenye kona ya tatu nikamwona mfagizi wa bustani, mzee mpole ambaye sote tulimwita Babu, ameinama anaokota chupa. Nilipiga kelele. Alichelewa kugeuka. Usukani ukamgonga kiunoni, akabingirika hadi mtaroni kando ya kijia.

"Mguu wangu," alisema huku amekunja uso kwa maumivu. "Binti, niitie mtu."

"Nakuja sasa hivi, Babu," nikamjibu.

Nilikusudia kabisa kumwita msimamizi. Lakini nilipofika chini nilimwona mlangoni mwa ofisi yake, mikono kiunoni. Nikawaza polisi, nikawaza seng'enge, nikawaza wenzangu wote wakinipa kisogo. Nikajiambia kwamba wengine watashuka muda si mrefu, watamkuta na kumsaidia. Nikaenda nyumbani.

Mama aliuliza mbona nimerudi mapema. Nikasema tumbo linaniuma. Nikajifungia chumbani.  Kila gari lililopita nje nilidhani limenifuata mimi.

Baada ya saa moja Breki akaja dirishani.

"Wewe Cherehani, kitambaa unacho? Tumekaa pale juu mpaka tumekaribia kuota mizizi. Tawi tupu, nani atashuka? Wote wamechoka, wamekwenda makwao."

Nilitia mkono mfukoni. Kitambaa kilikuwamo.  Hakuna aliyeshuka! Babu alikuwa bado mtaroni, peke yake, na jua lilikuwa linaelekea kuzama.

Nikamweleza Breki kwa kunong'ona.  "Usimwambie mama yako," akasema. "Twende sisi wawili kimyakimya. Wakubwa wakijua, kijia ndiyo basi tena."

"Na tukishindwa kumbeba?"

 Nikaenda chumba cha kazi.

"Mama, nimemgonga mtu, nikamwacha."

Cherehani ikanyamaza. Mama hakunifokea, na hilo lilinitisha zaidi. Akamtuma Breki akimbie kwa msimamizi, kisha akanishika mkono. "Haya, nionyeshe ni wapi."

Tulikimbia. Kwenye kona ya tatu mtaro ulikuwa mtupu. Palikuwa na ufagio tu.

"Babu!" niliita. Nikaita tena: "Babu!" Nilidhani amekufa, wamekwisha kumbeba. Sijawahi kuogopa namna ile.

"Nipo huku," sauti dhaifu ikatoka chini ya kichaka.

Alikuwa amejikokota akitafuta njia kubwa, nguvu zikamwishia. Midomo ilikuwa imemkauka. Aliponiona alisema neno moja tu: "Umekuja." Nikalia kwa sauti.

Msimamizi alifika na walinzi wawili na machela. Hospitalini walisema mfupa umepata ufa, na kwamba angekaa na plasta wiki sita.

Kesho yake waendesha baiskeli wote tuliitwa ofisini. Nilieleza kila kitu mbele yao. Wengine walinitazama kama nimewaibia.

"Seng'enge ilikuwa tayari," alisema msimamizi. "Lakini leo asubuhi nilikwenda kumwona mzee, akanikatalia. Anasema kijia hakina kosa. Kosa ni kwamba anayeshuka hamjui anayetembea, na anayetembea hamjui anayeshuka. Basi mtatengeneza mchepuo, kijia kiwe mbali na wanakopita watu. Mtaweka vibao juu na chini. Kila baiskeli iwe na kengele. Mpaka hapo, hapana kushuka."

Tulichimba kila Jumamosi hadi viganja vikatoka malengelenge. Na kila jioni, badala ya kucheza, nilifagia sehemu ya Babu. Hakuna aliyenilazimisha.

Wiki ya saba Babu akarudi kazini na mkongojo. Nilipomwona nilitaka kujificha nyuma ya mti, lakini akaniita, nikaenda nikiwa nimeinamisha kichwa.

"Kunigonga ilikuwa ajali," alisema. "Ile saa nzima haikuwa ajali. Kila jani lilipotikisika nilisema, huyo anakuja."

"Niliogopa, Babu."

"Najua. Hata mimi niliogopa pale chini. Kuogopa si kosa, mjukuu wangu. Siku nyingine woga ukikushika, ogopa, lakini ogopa huku unakwenda kuita watu."

Nikasema nimesikia. Akanyoosha mkono, nikamrudishia ufagio wake.