Nilisema Simjui

"Unamjua huyo mwanamke?" mama aliniuliza sikioni, zumari zikilia karibu zitutoboe masikio.

"Yupi?"

"Huyo mcheza zafa mwenye mishumaa kichwani. Kakutazama mara tatu sasa."

"Simjui, mama."

Ndivyo nilivyosema. Na huyo nisiyemjua, wiki moja tu nyuma nilikuwa nimemvisha pete, sisi wawili peke yetu, kwenye benchi kando ya Nile.

Ilikuwa harusi ya dada yangu Sabah, mtaani kwetu Imbaba. Zafa, yaani msafara wa ngoma wa kuwasindikiza maharusi, ililetwa na upande wa bwana harusi, kwa hiyo sikujua nani angekuja kucheza. Nilipomwona Inshirah anatokea kwenye kona, kinara cha mishumaa kikiwaka juu ya kichwa chake, niligeuza uso upande wa pili. Kazini anaitwa Lawahiz. Jina la Inshirah alipewa na bibi yake, na alikuwa akilificha hata kwa wapiga ngoma. Nyumbani nilishasema nina mchumba, anafundisha ushonaji. Ukweli nilimwahidi ningeusema "baada ya harusi ya Sabah". Maneno matamu ninayo, ila ya kusemea gizani.

Zafa ilipofika mlangoni pa ukumbi ikasimama, kama desturi. Hapo maharusi huweka viganja juu ya tumbo la mchezaji, wakapigwa picha, wakapata baraka ya watoto. Bwana harusi akaweka chake. Sabah naye akanyoosha mkono.

Mama akaudaka.

"Usimguse. Hawa hatujui wametokea wapi."

"Mama, niachie, ni baraka yangu!"

Katika kuvutana, bega la Sabah likamgonga Inshirah. Kinara kikayumba. Mshumaa mmoja ukalala kuelekea kwenye shela.

"Inshirah, mshumaa!" nikapiga kelele.

Akakidaka kinara kwa mkono mmoja, shela ikapona. Ngoma zikanyamaza. Mama akanigeukia taratibu.

"Umemwitaje?"

"Nime... nimesikia wapiga ngoma wakimwita hivyo."

Mzee Bayumi, mwenye ngoma kubwa, akajikuna kisogo kwa kijiti chake.

"Mwanangu, miaka sita nampigia huyu. Jina hilo ndiyo kwanza nalisikia leo."

Watu wakacheka. Inshirah alikuwa ananitazama, ananisubiri. Neno moja lingetosha. Mimi nikainama, nikajifanya nafunga kamba za viatu, na viatu vyangu siku ile havikuwa na kamba.

"Piga ngoma, mzee," Inshirah akasema. "Watu wana harusi yao."

Akacheza mpaka mwisho, tabasamu halikumtoka. Mimi nilibaki nyuma ya wajomba zangu, najionea aibu mpaka shati likanilowa.

Kesho yake Mzee Bayumi akaja karakana kwangu, ninakotengeneza mafriji. Akaniwekea bahasha mezani, akaondoka bila kunywa chai. Ndani mlikuwa na pete. Nikampigia Inshirah mara kumi na saba. Hakupokea. Nikaandika:

"Naomba unisikilize. Nilichanganyikiwa."

Jibu lilikuja baada ya adhuhuri.

"Ulichanganyikiwa mpaka ukafunga kamba ambazo huna."

"Nisamehe, kipenzi. Nije kwenu?"

"Kwetu kuna nini? Aibu ulinipa mtaani kwenu, msamaha utanipa mtaani kwenu. Mchana, watu wakiwepo."

"Nifanye nini?"

"Njoo uchukue kinara."

Nilikichukua. Siku tisa nilijifunza kutembea nacho karakana, mlango umefungwa. Mafundi majirani wakachungulia dirishani.

"Shukri, unaolewa lini?" wakanitania.

Shingo ilikaza mpaka nikawa nageuka mwili mzima kama mlango. Usiku nilikuwa nakumbuka mara ngapi Inshirah aliniambia shingo inamuuma, nami nikamjibu, "Pole, pumzika," huku nikitazama mpira.

Ijumaa, baada ya swala ya alasiri, nikasimama mbele ya mkahawa wa mtaa wetu na mishumaa imewaka kichwani. Mzee Bayumi akaanza kupiga. Inshirah alikuwa nyuma yake, kavaa gauni la kawaida na ushungi wa buluu, mikono kaikunja. Wazee wakaacha dhumna zao. Muuza viazi akasimamisha mkokoteni.

"Huyo si mtoto wa Hajati Tafida?"

"Ndiye. Joto limemwingia."

Nikacheza. Ule haukuwa uchezaji wa kusifiwa. Nta ilinidondokea shavuni, sikuifuta. Nikafika chini ya roshani yetu, ambako mama alikuwa anaanua nguo pamoja na Sabah.

"Shukri! Umekunywa nini wewe? Unanivua nguo mbele ya watu!"

"Mama, siku ile uliniuliza swali nikakudanganya. Namjua. Anaitwa Inshirah. Namjua mwaka wa pili huu, pete nilimvisha mimi, na habari ya ushonaji niliitunga mimi. Asiyejulikana katokea wapi ni mwanao."

Mama akaingia ndani, nikajua ndiyo basi tena. Kumbe anashuka ngazi, Sabah nyuma yake. Akasimama mbele yangu, akaibandua nta shavuni kwa ukucha.

"Inaunguza?"

"Inaunguza, mama."

"Na shingo?"

"Inauma sana."

Akamgeukia Inshirah.

"Binti, hiki unakibeba muda gani?"

"Zafa nzima, Hajati. Mara tatu kwa wiki, mwaka wa kumi na moja sasa. Kimenisomeshea wadogo zangu."

Mama akashusha macho. Sijawahi kumwona mama yangu akishusha macho.

"Tangu siku ile huyu Sabah ananililia nimemkatia baraka yake. Na kweli nilimkatia. Nilifanya vibaya, mwanangu, na nilifanya mbele ya watu hawahawa." Akaushika mkono wa Sabah. "Ukikubali, naurudisha."

Inshirah akakunjua mikono yake. Mama akakiweka kiganja cha Sabah juu ya tumbo la Inshirah, na cha kwake mwenyewe juu ya cha Sabah. Wanawake wa roshani za juu wakapiga vigelegele. Nilitaka kulia, ila ukiinamisha kichwa, mishumaa inaanguka.

Mzee Bayumi akanielekezea kijiti.

"Binti, na huyu je? Unamjua?"

Inshirah akanitazama kuanzia kwenye mishumaa mpaka kwenye viatu. Siku hiyo vilikuwa na kamba.

"Namjua," akasema. "Kwa bahati mbaya."

Akaja, akanivua kinara chake, akaninyooshea kidole cha pete.