Kigingi Kando ya Kaburi la Baba

Stendi ya Kasulu ilikuwa imefurika. Immakulata, kitenge cha manjano kimemkaa vizuri kiunoni, alikuwa akishusha gunia la maharage kutoka basi la Kibondo, mara kijana mmoja akashika upande wa pili bila kuombwa.

"Dada, utavunjika mgongo."

"Nikivunjika, utanibeba wewe?"

"Mpaka kwenu."

"Kwetu Kibondo, kaka. Hizo buti zitaisha soli!"

Kijana akacheka. Aliitwa Niyonzima, mpima njia ya laini kubwa ya umeme. Toka hapo simu zao hazikupoa.

"Taa yangu, umekula?"

"Taa gani isiyo na nguzo? Njoo uninunulie chipsi."

Lakini moyo wa Immakulata haukutulia. Laini hiyohiyo ilipangwa kupita juu ya nyumba ya mama yake, na ukutani palikuwa na alama nyekundu ya kubomolewa. Usiku aligeuka, akasali, akageuka tena.

"Niachie mimi," Niyonzima alimwambia alipomweleza, kisha akaingia porini kusiko na mtandao.

Jumamosi Immakulata alipanda basi kwenda kwao. Hatua chache toka kaburi la baba alikuta kigingi kipya cha wapima njia ya umeme.

"Kakipigilia yule kijana wako," mama akasema. "Hata chai hakunywa."

Damu ikamchemka. Aliking'oa, akakisukuma jikoni chini ya chungu cha maharage, akazima simu.

Jumatatu bodaboda ikasimama uani. Niyonzima akashuka, vumbi mpaka kwenye kope.

"Imma, kigingi kiko wapi?"

"Kimeivisha maharage. Karibu ule."

Akashika kichwa. "Mungu wangu! Kile ndicho ukingo wa njia ya umeme. Toka pale kuja huku nyumbani hawagusi kitu!"

"Unasema?"

"Serikali imetoa kanuni ya kuhimiza teknolojia za kisasa. Minara mirefu, nyaya zisizolegea, kwa hiyo njia inakuwa nyembamba. Nimebishana na wakubwa mpaka wakakubali nipime upya hapa. Wakaguzi wako nyuma yangu. Wasipokiona, wanarudia vipimo vya zamani."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekupa tumaini, halafu wakatae?"

Immakulata alikimbilia kuni, akachagua mti ulionyooka, akauchonga kwa panga. Niyonzima akapima. Immakulata akapiga magoti kando ya kaburi, akaushika ule mti.

"Usitikisike, mpenzi."

"Ukinipiga kidole, nakushitaki kwa baba huyu."

Nyundo ilikuwa bado inalia gari la wakaguzi lilipofika. Mkubwa wao akatazama kigingi, akatazama chombo cha kupimia, akapima mwenyewe. Immakulata alibana rozari mfukoni mpaka ikamchoma. Ndipo yule mkubwa akaomba brashi na chokaa, akaifuta ile alama ukutani.

Mama akaketi chini palepale, akalia.

"Kesho nahamia Manyovu, kazi inaendelea," Niyonzima akanong'ona. "Nikirudi, nije na wazee wangu?"

Immakulata akapangusa udongo magotini, macho bado kwenye kigingi kana kwamba kitakimbia.

"Waje. Ila waambie mapema, hapa kwetu tunapikia vigingi."