Sabuni Kwenye Mkanda

Jua lilikuwa linazama binti alipoiingiza pikapu ya baba yake gereji, inapiga kelele za kupasua masikio. Kando yake alikaa mdogo wake wa mwisho, Kitinda, amejikunyata. Sauti ya mtoto huyo ilikuwa imefifia kidogo kidogo hadi ukabaki mnong'ono, na daktari aliyemmulika koo hakuona kitu.

"Injinia!" fundi alimtania kwa ile shahada yake ya uhandisi. "Umeniletea gari au mbuzi anayechinjwa?"

"Shikamoo, fundi. Baba anasema ubadilishe mkanda tu."

"Marahaba. Baba yako dereva, fundi ni mimi."

Fundi alizima injini, akafungua boneti na kuitikisa feni. Ilicheza kama jino bovu.

"Mkanda ni kelele tu. Beringi za habu, hapa feni inapozungukia, zimekwisha kabisa. Feni ikichomoka inatoboa rejeta." Akapitisha kidole kwenye mkanda, akakinusa. "Na nani kapaka sabuni?"

"Mimi. Kila asubuhi. Majirani wanalalamika."

"Sabuni inaziba mdomo tu, mwanangu. Ugonjwa uko palepale."

Binti alimkumbuka mzee aliyewauzia pikapu, alivyomng'ang'ania baba mkono: ikipiga kelele, msiinyamazishe. Baba alicheka njia nzima.

"Haya, washa."

Fundi aliegemeza ncha ya bisibisi ndefu kwenye chuma kinachoshikilia habu, akaweka mpini sikioni. Ndivyo alivyosikiliza magari siku zote.

Tabasamu lake likafutika.

"Fundi? Kuna nini?"

"Sikiliza mwenyewe," alinong'ona.

Binti akashuka, akabandika sikio kwenye mpini. Mkwaruzo. Mkwaruzo... Kisha, ndani kabisa ya chuma...

"Dada."

Sauti ya Kitinda. Ile ya zamani, nyororo, ya kuimbia bafuni.

"Dada, huku giza. Nashika, mikono inateleza."

Aliinua macho. Kitinda alikuwa ameshuka, amesimama kando ya tairi. Midomo yake ilikuwa inacheza. *Mikono. Inateleza.* Haikutoka hata pumzi.

"Nazima," fundi alisema.

"Usizime! Ukizima atakuwa wapi?"

"Na nisipozima mkanda utakatika!"

Harufu ya mpira unaoungua ilitanda, na ndani yake harufu ya sabuni. Feni ikaanza kuyumba. Binti alinyoosha mkono, akaurudisha. Angeshika wapi? Miaka yote ya kusoma, na hakuna ukurasa uliomwambia ashike wapi.

Kiiiiii...

Pa!

Mlio ukakatika, ikabaki ngurumo ya injini tu.

Beringi zilikuwa zimekwama, mkanda umekatika. Fundi alizima injini taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa. Mdomo wa Kitinda ulikuwa bado wazi.

Beringi na mkanda vilibadilishwa kwa mwanga wa taa ya mkononi. Kila nyundo ilipogonga kuzitoa za zamani, Kitinda alishtuka na kujishika shingo.

"Polepole, fundi," dada mtu alisihi. "Tafadhali, polepole."

Fundi alizing'oa, akazizungusha moja moja kwa kidole. Moja aliifunga kwenye kitambaa haraka haraka.

"Hii siitupi mimi. Nenda nayo."

"Niifanyie nini?"

"Mwanangu," alisema bila kumtazama, "mimi najua magari."

Siku hizi pikapu haisikiki kabisa, na baba anaisifu kwa kila mgeni. Walimtafuta yule mzee. Nyumba yake ina wapangaji wengine, hawajawahi kumsikia.

Kitinda hatamki neno. Ila kila jioni huleta kile kitambaa na kukikunjua magotini pa dada yake. Dada huizungusha beringi kwa kidole, nayo husema machache. *Dada. Kichwa kinauma. Usilie basi.* Grisi hathubutu kuiwekea, maana grisi ingeinyamazisha. Na bila grisi inazidi kulika.

Jana gololi moja ilidondoka sakafuni, ikabingirika hadi chini ya kitanda. Wote wawili waliisikiliza mpaka ilipotulia.

Dada akataka kuifunga beringi kitambaani. Kitinda alimshika kidole, akakirudisha kwenye chuma.