Siku Kamanda Alipong'olewa Jino

Kila siku baada ya masomo ya alasiri, wanafunzi wadogo wa madrasa walijipanga kwenye kibaraza cha kutawadhia, juzuu zao kwapani, wakimngoja Kamanda. Hilo halikuwa jina lake la nyumbani. Ustadhi alimteua kuwa kiranja wa kuwavusha wadogo barabara ya malori, naye akaupokea ukiranja kwa mikono miwili na kwa sauti kubwa. Alikuwa na miaka kumi na miwili tu, lakini akisema "Simama!" hata mbuzi wa jirani walisimama.

Tusimwonee, kazi aliiweza. Tangu aishike, hakuna mtoto aliyepata hata mkwaruzo. Ila alitaka kila kitu kipite mkononi mwake. Kimya, msichana wa rika lake aliyepewa jina hilo kwa upole wake, aliwahi kumwomba amruhusu kumsaidia.

"Utawavuruga," Kamanda alimjibu. Kisha akawageukia wadogo. "Na nyinyi, mtu asivuke mpaka nimshike mkono mimi. Mimi tu! Mmesikia?"

"Tumesikia, Kamanda!"

Aliyeitikia kwa nguvu zaidi alikuwa Njugu, mtoto mdogo kuliko wote, aliyeishi na bibi yake ng'ambo ya barabara.

Siku moja Kamanda aliamka shavu limevimba. Mama alimpeleka zahanati, jino likang'olewa. Walipokuwa wakirudi, mama akamuuliza, "Umetuma salamu madrasa kwamba leo huendi?"

Kamanda akatikisa kichwa, pamba imejaa mdomoni. Nyumba ya kina Kimya ilikuwa pale pale njiani, angeweza kupita na kumwambia. Hakutaka. Waache wanikose siku moja, aliwaza, ndipo watajua mimi ni nani.

Jua lilikuwa linakaribia kuchwa bibi yake Njugu alipotokea mlangoni, mtandio umemwanguka begani, hana hata pumzi ya kusalimia.

"Mjukuu wangu yuko wapi? Wenzake wote wamesharudi!"

Kamanda aliruka kutoka alipokaa. "Bibi, mimi leo sikwenda."

"Hukwenda? Sasa nani kawavusha?"

Kamanda alitoka mbio, mama na bibi wakimfuata. Njiani wakakutana na Kimya, ambaye naye alishasikia kwamba Njugu hajarudi, anahema na kulia kwa pamoja.

"Ustadhi aliitwa mazikoni, akaniambia tukimaliza nifunge geti. Tukakungoja, hukuja. Nikawavusha mimi. Nilimwita Njugu, sikumwona, nikadhani ametangulia."

Walipofika barabarani, walikuta lori limesimama upande upande na watu wamelizunguka. Bibi alikaa chini palepale, kwenye vumbi. "Ya Allah, asiwe yeye," Kamanda alinong'ona, akijipenyeza katikati ya watu. "Asiwe yeye, asiwe yeye."

Hakuwa yeye. Gunia la mkaa lilianguka na kupasuka, na dereva alikuwa akigombana na utingo wake. Kamanda alivuta pumzi, lakini hofu ikamrudia mara mbili. Kama Njugu hayuko hapa, yuko wapi? Kulikuwa na mtaro wa maji machafu. Kulikuwa na magari yanayosimama na watu wasiojulikana. Na giza lilikuwa linaingia.

Ndipo akayasikia maneno yake mwenyewe kichwani: mimi tu.

"Hajavuka!" alipiga kelele. "Yuko madrasa!"

Walimkuta ustadhi ametoka mazikoni, anafungua geti kwa ajili ya sala ya magharibi. Kamanda alimpita bila hata kumwamkia. Nyuma ya pipa la maji, Njugu alikuwa amejikunyata, macho yamevimba kwa kulia.

"Njugu! Kimya alikuita, mbona hukuitika?"

"Nilijificha," Njugu alisema kwa kwikwi. "Ulisema wewe tu. Halafu nikaona watu wote wameondoka. Nikagonga geti, nikagonga, hakuna aliyenisikia."

Bibi alimkumbatia mjukuu wake. Kamanda alimgeukia ustadhi, machozi yanachuruzika juu ya shavu lililovimba. "Ustadhi, ningeweza kumwambia Kimya anishikie zamu. Nilitaka mnikose."

Ustadhi alikaa kwenye kibaraza. Hakufoka.

"Mtume, rehema na amani zimshukie, alisema kila mmoja wetu ni mchungaji, na kila mmoja ataulizwa juu ya alichokichunga. Mimi nitaulizwa, kwa sababu niliondoka haraka bila kumkabidhi mtu mzima. Na wewe utaulizwa. Umewafundisha wadogo kukutii wewe, hukuwafundisha kuvuka. Nabii Musa alipokwenda kuitika wito wa Mola wake mlimani, aliwaacha watu wake mikononi mwa nduguye Haruni. Musa, aliyepasuliwa bahari! Wewe unakwenda kung'oa jino, huachi mtu?"

Bibi alicheka huku akilia. Kamanda naye akacheka, jino likamkumbusha kwamba halipo.

Kesho yake alimwomba Kimya msamaha, akaanza kumfundisha: wapi pa kusimama, namna ya kusikiliza lori kabla halijaonekana, nani huchomoka mbio. Kisha akawafundisha wadogo wenyewe kutazama kulia na kushoto. Njugu aligoma kwanza, akazoea.

Halafu ikafika siku Kamanda akabaki getini na ustadhi, Kimya akawavusha peke yake. Aliwahesabu mmoja mmoja mpaka mtoto wa mwisho akafika ng'ambo.

"Hawakugeuka hata kuniangalia," alisema.

"Imekuuma?"

"Kidogo, ustadhi."

"Basi sema alhamdulillahi," ustadhi alimwambia. "Mwanadamu akifa, amali zake hukatika, isipokuwa chache, na mojawapo ni elimu aliyoiacha ikawafaa watu. Watoto hawa wakivuka salama siku ambayo wewe hupo, thawabu yako ipo."

Kamanda aliwatazama wakiishia kwenye kona.

"Alhamdulillahi," alisema, na safari hii kwa sauti ndogo.