Aliyemchagulia Milembe Chuo

Saa mbili na dakika arobaini asubuhi, Jumanne, msichana aliyevaa buti za JKT aliweka karatasi juu ya kaunta ya kituo cha polisi Bariadi, akasema ameibiwa.

"Umeibiwa nini?" aliuliza Koplo Monika Ngeleja, kalamu mkononi.

"Chuo, afande."

Monika alikuwa ameshaanza kuandika. Kalamu ikasimama. Kwa miaka kumi na mmoja ameandika ng'ombe, pikipiki, sola, magunia ya pamba, hata mlango uliong'olewa pamoja na fremu yake. Chuo, hapana.

"Kaa. Niambie polepole. Mimi niliishia kidato cha nne."

Msichana aliitwa Milembe Luhaga, wa Lagangabilili, miaka kumi na tisa. Alimaliza kidato cha sita, akaenda kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa miezi mitatu, na huko simu ziliachwa getini. Kabla ya kuondoka alimwachia mama yake karatasi ya maelezo ampelekee Fabian, mwenye steshenari karibu na stendi, amjazie maombi mtandaoni. Vyuo viwili vikamkubali: udaktari Mwanza, ualimu Dodoma.

"Ukikubaliwa na viwili," Milembe alisema, "unatumiwa namba ya siri kwenye simu. Unaitumia kuthibitisha kimoja, na muda ukiisha nafasi ya kule kwingine anapewa mtu. Jana nimerudi. Leo alfajiri nimefungua ukurasa wangu, nakuta nimethibitishwa Dodoma tangu Jumatano. Jumatano mimi nilikuwa kambini nachimba handaki!"

"Kama kupewa ndama wawili uchague mmoja, mtu akakuchagulia."

"Akachagua nisiyemtaka, afande. Na mwisho wa kubadilisha ni leo saa sita usiku."

Monika aliandika "Kupotea kwa chuo", akakata. Akaandika "Wizi wa nafasi", akakata tena. Mkuu wa zamu alikuwa anachungulia begani kwake.

"Monika, kikipatikana utakiweka chumba cha vielelezo? Kitaenea?"

Monika alichukua kofia yake.

Saa tatu na nusu walikuwa steshenari. Fabian alikuwa anabandika picha za pasipoti kwenye fomu ya mtu.

"Nywila ya huyu binti unayo?" Monika alimuuliza.

"Ninazo za watoto mia mbili, afande. Ningetaka kuharibu, ningeanza na mtoto wa mwenye nyumba wangu."

"Nani alimthibitisha Dodoma?"

"Mimi."

Mkono wa Monika ulishuka wenyewe kwenye pingu.

"Kwa agizo lake mwenyewe!" Fabian alifungua daftari haraka. "Jumatano, saa kumi na dakika tano jioni. Sauti ya kike. Akasema ni Milembe, akanisomea namba ya siri, akataka Dodoma. Hapa mwenye namba ya siri ndiye mwenye chuo. Ndivyo tunavyofanya kazi."

"Mimi sikupiga," Milembe alisema.

Mashine ya kopi ilinyamaza. Msichana aliyekuwa akiiendesha alikuwa Dorkasi, aliyekaa dawati moja na Milembe miaka miwili. Milembe alimtazama, kisha akamnong'oneza Monika: naye aliomba udaktari Mwanza, akakosa.

"Dada, njoo," Monika alisema. "Mwenzako akiachia nafasi, anaipata nani?"

"Simjui. Ila si mimi."

"Unajuaje?"

"Nina E ya Kemia, afande. Udaktari wanataka kuanzia D, masomo yote matatu. Hata Milembe aachie nafasi kumi, E ni E. Naenda kusoma stashahada ya maabara." Akamgeukia Milembe. "Tangu bwenini mlinicheka kwa E hizo. Leo E imeniokoa na pingu."

Milembe alitazama chini. Monika alimwamuru Fabian afungue mwongozo wa sifa za kujiunga, akasoma mstari kwa kidole mpaka akauona: hakuna E. Basi Dorkasi hakuwa na cha kupata. Fabian naye, kama angekuwa mwizi, asingeandika saa ya wizi kwenye daftari lake. Mtu ameiba kitu asichoweza kukitumia. Kwa nini?

Alirudi mwanzo, kama alivyofundishwa.

"Huyo aliyepiga, mlianzaje maongezi?"

"Kwa salamu, afande. 'Mwadila.' Nikaitikia. Akauliza nyumbani wameshindaje, watoto wameshindaje, ng'ombe wameshindaje. Mimi hata mbuzi sina! Ndipo akasema shida yake."

"Milembe, kambini ukiazima simu unapewa muda gani?"

"Dakika moja. Na mwenye simu amekusimamia kichwani."

Mtu wa dakika moja hawaulizii ng'ombe. Aliyepiga alikuwa mtu mzima wa nyumbani, asiyeweza kuomba jambo kabla ya kumaliza salamu, hata wakati wa kudanganya.

"Nisomee namba iliyopiga."

Fabian alisoma. "Ndiyo hiyohiyo iliyoongezwa chini ya karatasi ya maelezo, kwa kalamu nyingine. Namba ya siri ilitumwa huko."

Milembe alikaa juu ya boksi la karatasi bila kukaribishwa. "Hiyo ni ya kaka yangu Malimi."

"Yuko wapi?"

"Tulimzika mwaka jana. Alikuwa mwaka wa tatu, udaktari, Mwanza."

Fabian alikohoa. "Laini isipotumika hufungwa, ikapewa mtu mwingine. Labda mgeni tu."

"Mgeni angejua jina la Milembe? Angejua njia panda yake ni Mwanza na Dodoma?" Monika aliuliza.

Swali la nani aliileta karatasi ile, Monika hakuliuliza. Milembe alikuwa amelijibu tangu kituoni. Hakutaka kumtazama msichana usoni.

Saa nane mchana bodaboda iliwashusha Lagangabilili. Baba alikuwa malishoni Kimali na mifugo. Mama, Evalina, alikuwa uani anapepeta dengu.

"Mwadila, mayu," Monika alimsalimia kwa Kisukuma, akimwita mama.

"Mwadila. Nyumbani wameshindaje? Watoto? Ng'ombe wameshindaje?"

Monika aliitikia zote, moja baada ya nyingine. Kisha akabonyeza namba ya Malimi kwenye simu yake. Mlio ulitoka ndani ya kanga, kiunoni mwa Evalina. Ungo ulisimama.

"Mayu, simu yako inaita."

"Si yangu. Ya mwanangu."

"Ulisema alizikwa nayo," Milembe alisema.

"Nilisema." Evalina aliitoa, akaifuta vumbi la dengu. "Kila mwezi nikienda gulioni naiwekea vocha isifungwe. Wenzake wengine bado wanampigia. Hawajui. Siwaambii."

"Kwa nini ulinichagulia Dodoma?"

"Mwanza nilipeleka kijana anayetembea, nikapokea sanduku. Homa ya siku nne! Kijana aliyejua majina ya dawa zote. Ile namba ilipoingia kwenye simu yake, nikajua ni yeye. Ananiambia, chagua wewe, mayu. Safari hii chagua wewe. Ualimu una ubaya gani?"

"Hauna ubaya. Si wangu tu."

Hakuna aliyepaza sauti. Monika alieleza: Fabian anaweza kufuta, lakini namba mpya ya siri itakuja kwenye simu ileile. Bila hiyo namba, Milembe ni wa Dodoma.

Angeweza kuichukua simu kama kielelezo. Sheria ilikuwa upande wake. Lakini simu za vielelezo huzimwa, zikafungwa kwenye bahasha hadi kesi iishe. Alimpigia Fabian, akaweka spika.

Simu ya Malimi ilitetemeka.

"Nitasoma mwenyewe," Evalina alisema, akaisogeza mbali na macho. "Nne. Saba. Saba. Sifuri. Mbili."

Akaifunika skrini kwa kiganja.

"Bado moja, mama," sauti ya Fabian ilisema.

Milembe alichuchumaa mbele yake. Mkono hakuunyoosha.

"Mimi si Malimi, mayu."

"Najua wewe ni nani. Nilikuzaa."

Kuku alidonoa dengu kwenye ungo, hakufukuzwa. Evalina aliitazama simu, akamtazama binti yake, buti zake, magoti yake yenye makovu ya kambini.

"Tisa," alisema.

Walimsikia Fabian akibonyeza. Kisha: "Imekubali. Mwanza."

Milembe alilia. Mama yake hakulia. Alirudisha simu kiunoni, akakaza kanga.

"Godoro la Malimi liko juu ya dari," alisema. "Lishushe ulianike, bado kuna jua."