Pikipiki ya Marehemu

Jumamosi, alasiri

Gaudiosus alichovya kidole kwenye kikombe cha rubisi, pombe ya ndizi, akachora mlima juu ya meza.

"Ghala la Winston liko huku juu. Njia ni moja tu. Kanisa hili hapa chini." Kidole kilishuka taratibu. "Pikipiki yoyote ikipanda huu mlima Jumapili, kanisa zima linaisikia. Watu wanageuza shingo: nani huyo? Basi sisi tunapanda na kitu kisicho na sauti."

Akamtazama Kokushubira. Protase naye akamtazama.

Walikuwa watatu, chumba cha nyuma cha kilabu pale Igurwa, katikati ya madumu na mtumbwi wa kukamulia ndizi. Mlango ulikuwa na komeo. Kilabu kilikuwa cha Gaudiosus. Yeye ndiye kaka mkubwa wa Jovitus, na Jovitus alikuwa mume wa Kokushubira mpaka masika iliyopita, alipokufa. Protase aliwahi kuwa mbeba mizigo wa Winston, mfanyabiashara wa vanila, kabla hajafukuzwa. Shingo nene, maneno machache.

"Mzigo ni vanila kavu," Gaudiosus akaendelea. "Viroba viwili. Vyepesi, unapakata tu mpaka kwenye gari huku chini."

"Roli zima la kahawa haliufikii kwa bei," alisema Protase.

"Mlinzi je?" Kokushubira aliuliza.

"Mzee Anastazi. Macho yamekwisha. Lakini masikio!" Protase akatikisa kichwa. "Anajua pikipiki zote za Nyakatuntu kwa mlio. Anakwambia huyo ni fulani, plagi yake imechoka. Akisikia mgeni anapuliza filimbi, kijiji kinapanda na mapanga. Mimi nitatangulia kwa miguu alfajiri, nipite kwenye migomba, nimdake kwa nyuma. Nyie mje wakati mchungaji anahubiri. Yule akishika kipaza sauti haachii upesi."

Gaudiosus akatoa kadi ya pikipiki kwenye mfuko wa shati, akaiweka mezani, mbali kidogo na pale palipolowa. Kokushubira aliijua. Jina lililoandikwa pale lilikuwa la Jovitus.

"Ukoo umekaa mara mbili juu ya hii pikipiki, shemeji. Tukimaliza kesho, naitisha kikao, natamka mbele ya wote: mwenye mali ni mke wake. Usipokuja, Jumatatu naiuza."

"Ninaendeshea watoto, shemeji."

"Ndiyo maana nakuita."

Ilikuwa pikipiki ya umeme, ndogo, yenye pedeli pembeni kama za baiskeli, za kumalizia mlima chaji ikikata. Jovitus aliinunua Mwanza, akaja nayo juu ya basi akiichungulia kila kituo kama mgonjwa. Siku ya kwanza, trafiki wa Omurushaka aliizunguka mara mbili, akauliza: bwana, hii ni baiskeli au pikipiki? Jovitus akacheka mpaka nyumbani. Alimfundisha mkewe kuiendesha, akampeleka hadi akapata leseni. Baada ya mazishi Kokushubira akaishika yeye. Alikuwa akiwapeleka wajawazito hospitali ya Nyakahanga, nao wakaipenda kwa sababu haingurumi, haitikisi tumbo.

Lakini abiria walianza kupungua. Giza likianza kuingia, watu waliona kivuli kinapita bila sauti, wakavuta watoto ndani. Ikapewa jina: pikipiki ya marehemu. Walisema inazunguka inamtafuta mwenyewe.

Kokushubira hakuwalaumu. Lipo jambo ambalo yeye mwenyewe hakumwambia mtu. Tangu mazishi, akirudi nyumbani peke yake, siti ya nyuma ilikuwa ikilala. Springi zinabonyea polepole, kama mtu mzima amepanda na hataki kusumbua. Hakuwahi kugeuka kutazama.

Na lipo lingine. Jovitus aliokotwa kwenye kona ya machimbo ya mawe, chini ya mlima huohuo wa Nyakatuntu, kichwa kimepasuka. Gaudiosus ndiye aliyeleta habari: ameteleza, ameanguka. Pikipiki ililetwa siku ileile. Kokushubira aliiosha kwa mikono yake. Haikuwa na mchubuko hata mmoja.

"Nitakuja," alisema.

Jumapili, kengele ya kwanza

Gaudiosus alivaa suti ya kanisani. Panga lilikuwa ndani ya koti, upande wa kushoto. Viroba vitupu amevikunja chini ya kwapa. Kokushubira alifunga kitenge, akawasha. Taa ya kijani ikawaka. Hakuna mlio.

Walipita kati ya watu wanaokwenda ibadani. Wanawake na viatu mkononi, wanaume na vitabu vya nyimbo. Wengine walishtuka kuona gurudumu ubavuni mwao.

"Mawe, mama yangu!" mama mmoja aliruka mtaroni. Kisha akamtambua mwendeshaji, akashusha macho. "Ah. Ni wewe mjane."

"Nisamehe, mama."

"Usisimame," alisema Gaudiosus kwa nyuma. Alikuwa akitabasamu na kupungia watu. "Endesha."

Kengele ya pili

Walisubiri chini ya mlima, ndani ya kibanja cha mtu aliyekuwa kanisani. Majani ya migomba yalidondosha umande. Wimbo wa kwanza ukapanda, ukaisha. Wa pili. Gaudiosus alivuta sigara, akaizima kwa kidole na kuiweka mfukoni.

"Unatetemeka."

"Baridi."

"Jovitus naye alikuwa na baridi za namna hiyo," alisema, akatema mate.

Kokushubira aligeuka. "Lini?"

"Lini nini?"

"Ulimwona lini ana baridi?"

Gaudiosus alivikunja upya viroba vyake. Kutoka bondeni kipaza sauti kilikoroma, na sauti ya mchungaji ikaanza. "Mahubiri hayo," akasema. "Twende."

Mahubiri

Mlima ulikuwa mkali. Kokushubira alikanyaga pedeli kuisaidia betri. Alipita kona ya machimbo akiwa ameuma meno. Mkono wa Gaudiosus ulikuwa begani mwake, mzito, umepoa.

Geti lilikuwa wazi. Protase alikuwa amemkalisha mzee Anastazi kwenye kigoda, mikono imefungwa mbele kwa kamba ya mgomba. Filimbi ilikuwa mkononi mwa Protase. Mzee alikuwa mwembamba, koti kubwa, macho meupe kama maziwa. Hakuwa akilia. Alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, anasikiliza.

"Mwangalie huyu," Gaudiosus akamwambia Kokushubira. Yeye na Protase wakaingia ghalani. Kufuli likalia chini ya nondo, likakatika.

Kokushubira alibaki amesimama mbele ya mzee.

"Shikamoo," ikamtoka kabla hajajizuia.

"Marahaba, mwanangu." Mzee aliinua uso. "Mwanamke. Kumbe safari hii ni mwanamke."

"Nyamaza, mzee. Watakuumiza."

"Mnyororo wa pedeli zako una kidonda. Tik, tik, kama panya darini. Wenzako hawausikii. Mimi nimeusikia toka machimboni. Hii ni mara ya pili unapanda hapa."

"Sijawahi kufika hapa."

"Wewe hujafika. Yenyewe imefika." Alishusha sauti. "Masika. Mvua ilikuwa ndiyo kwanza imekatika. Walikuja wawili. Mwendeshaji akaja peke yake mpaka hapa getini. Akaniambia, shikamoo mzee, ingia ndani, jifungie, usimfungulie mtu yeyote leo. Kijana wa watu. Sauti ya taratibu, anavuta maneno kidogo mwishoni."

Kokushubira alimsogelea mzee. Hiyo sauti aliishi nayo miaka kumi.

"Kisha?"

"Akarudi kwa mwenzake. Wakabishana. Nikamsikia anasema, kaka, mimi narudi nyumbani. Wakashuka, tik, tik, tik, mpaka kona ya machimbo. Pale mnyororo ukanyamaza. Nikasikia kishindo. Kimoja. Nikasema labda wameanguka. Kikaja cha pili."

"Alisema kaka?"

"Kaka."

"Na wewe ukanyamaza, mzee? Mtu amekufa, ukanyamaza?"

"Sikunyamaza. Nilikwenda polisi nikasema. Wakaniuliza umeona nini."

Upepo ulileta maneno ya mchungaji vipandevipande.  Kokushubira aliiona tena pikipiki ilivyoletwa siku ile, safi, imeegeshwa ukutani kama imetoka dukani. Alimwona Gaudiosus kaburini, mtu wa kwanza kushika koleo.

Walitoka na viroba vimejaa. Harufu ya vanila ilitoka nao, tamu, nzito, kama keki ya harusi iliyokatwa karibu na uso.

"Anaongea nini huyu?" aliuliza Gaudiosus.

"Anasali."

Gaudiosus alimtazama mzee, kisha akamtazama Protase. "Mmalize. Ameshasikia sauti zetu."

"Hatukukubaliana hivyo."

"Sasa tunakubaliana."

Protase hakusogea. Jasho lilikuwa likimtiririka shingoni. "Hapana, bosi. Ya masika inanitosha. Mimi nilikuwa nasubiri kwenye gari tu, na bado silali."

 Protase akagundua alichosema. Akamtazama Kokushubira, akatazama chini upesi, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu na kukuta mtu.

Macho ya Gaudiosus yakahama polepole kutoka kwa Protase mpaka kwa shemeji yake. Mkono ukaingia ndani ya koti.

Kokushubira alifanya jambo moja tu. Alipanda pikipiki, akakaza kitenge. "Shemeji, mahubiri yanaisha," alisema. Hata yeye alishangaa sauti yake ilivyotulia. "Panda twende."

Gaudiosus akasita. Akapanda. Kiroba kimoja mapajani, kingine kati yao.

Protase aliangalia filimbi kiganjani mwake. Akaitupa mapajani kwa mzee Anastazi, akageuka, akaingia kwenye migomba. Hakuchukua kitu. Hakuaga.

Baraka ya mwisho

Walikuwa hawajafika nusu ya mlima filimbi ilipolia. Kali, ndefu, haikatiki. Bondeni, wimbo wa mwisho ukayumba, ukafa.

"Mbwa yule!" Gaudiosus alipiga siti kwa ngumi. "Ongeza mwendo! Machimboni unakata kushoto, gari liko kule."

Pikipiki ilishuka bila sauti, vumbi nyuma, kokoto zikiruka. Na hapo Kokushubira akahisi springi zinabonyea. Gaudiosus alikuwa tayari amekaa. Viroba vilikuwa tayari vimepakatwa. Zikabonyea bado, taratibu, bila kusumbua. Safari hii pia hakugeuka. Lakini hakuogopa.

Kona ya machimbo ilitokea, mawe meupe yanang'aa juani.

"Kushoto!"

"Ni hapa alipoanguka Jovitus?"

"Kata kushoto nimesema!"

"Alikuita kaka."

Pumzi ya Gaudiosus ilimpiga sikioni. Akasema kwa upole, kama mtu anayebembeleza mtoto anywe dawa. "Alitaka kutuchoma kwa polisi, shemeji. Damu yangu mwenyewe. Ningefanyaje?"

Kokushubira alizungusha mkono wa kuongeza mwendo mpaka mwisho. Njia ya kushoto ikapita, ikabaki nyuma. Mbele palikuwa na mteremko mmoja, na mwisho wa mteremko, kanisa.

Gaudiosus alielewa. Akaachia kiroba, panga likatoka. Pigo la kwanza lilichana kitenge na bega. Hakusikia maumivu, alisikia moto, kisha maji ya vuguvugu yanashuka mgongoni. La pili lilikata hewa, kwa sababu gurudumu lilipiga jiwe na mtu mwenye panga akalazimika kujishikilia. Kiroba kilipasuka. Vanila ilimwagika barabarani, nyeusi, kama kamba za viatu.

Waumini walikuwa wakitoka, wametazama juu mlimani kulikokuwa na filimbi. Hawakusikia kitu. Walishtukia tu. Mwanamke ana damu mpaka kiunoni, mwanamume wa suti ana panga nyuma yake, na ile pikipiki ambayo wote waliiogopa inawajia bila sauti. Watu wakapasuka pande mbili.

Ilianguka mlangoni pa kanisa. Gaudiosus aliinuka haraka, akakimbia hatua chache. Walikuwa wengi mno. Mchungaji ndiye aliyepiga kelele wasimuue.

Jioni

Bega lilishonwa. Walimkalisha kwenye benchi la kituo cha polisi. Pikipiki ilikuwa nje uani, kioo kimoja kimevunjika. Gaudiosus alikuwa mahabusu, nyuma ya nondo, jicho limeziba, suti haina mkono mmoja. Protase hakupatikana.

Askari wa zamu alivuta kiti. "Tuanze na chombo. Hii pikipiki ni ya nani?"

"Si yangu mimi!" Gaudiosus alidakia kutoka ndani. "Afande, kadi mnayo, someni. Ya marehemu. Anayeitumia ni huyo. Ni ya huyo mwanamke, hata ukoo unajua!"

Kokushubira alicheka kidogo, bega likamuuma. Vikao viwili vya ukoo alikuwa ameyalilia maneno hayo.

"Mama," askari alisema, sauti imeshuka kidogo. "Fikiri kabla hujanijibu. Ukisema ni yako, wewe ndiye uliyewapeleka. Inakaa hapa kama kielelezo, na wewe unaunganishwa kwenye kesi. Una watoto?"

"Wawili. Wako kwa mama yangu."

"Basi fikiri."

Alifikiri. Alimfikiria binti yake Noela, ambaye kesho asubuhi angeuliza mama yuko wapi. Alifikiria wajawazito wa Igurwa, watakavyorudi kupanda pikipiki zinazotikisa. Kisha akamfikiria mwanamume aliyepanda mlima ule wakati wa masika, akafika getini, akasalimia, akageuza.

"Ni yangu," alisema. "Mume wangu aliniachia. Niliipeleka mimi, kwa mikono yangu, nikijua naenda kuiba."

 Nyuma ya nondo Gaudiosus akaelewa maelezo hayo yanaelekea wapi.

"Shemeji," aliita. "Shemeji! Hebu tuongee kwanza. Sisi ni ndugu, shemeji."

Kokushubira hakugeuka. Alingoja mpaka askari alipoweka kalamu sawa.

"Andika hivi," alisema. "Mume wangu aliitwa Jovitus. Hakuanguka."