Mapafu Yaliyorudisha Pumzi

Jumamosi asubuhi Gaspard alipuliza mapafu ya ng'ombe, na mapafu yakampuliza yeye.

Tuelewane kwanza, maana najua kuna watakaokunja pua. Kila muuza nyama wa Bunia hupuliza mapafu, na anayekana ni mwongo wa kuzaliwa. Mapafu yaliyolala mezani yana rangi ya tambara. Mama anayetafuta mboga anayapita kama hayaoni. Basi unashika koromeo, unalipangusa, unaweka mdomo na kujaza pumzi yako mpaka yafunguke na kung'aa, kisha unafunga kwa uzi. Gaspard alikuwa fundi wa kazi hiyo. Wenzake sokoni walimtania kwamba angeweza kujaza mpira wa pikipiki kwa mdomo.

Ng'ombe mwenyewe alikuwa na neno. Alikutwa amesimama peke yake mbele ya machinjio, bila mchungaji, ametota matope ya ziwa mpaka mgongoni, na ziwa liko mbali, kule Tchomia, na mvua haikuwa imenyesha wiki nzima. Walingoja mwenyewe, hakuja. Muzee Ramazani, mchinjaji, ambaye pia huwasomea watu waliopandwa na majini, alimchinja huku roho haitaki. Alipopasua kifua akarudi nyuma.

"Gaspard, hii mapafu usiipulize. Tupa mu shimo."

"Sababu gani, Muzee?"

"Ng'ombe amekufa. Mapafu bado inapanda."

Gaspard akacheka. "Ni joto tu, Muzee. Itatulia."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Afadhali lingekuwa guu! Gaspard alipuliza mara moja tu. Ya pili hakuwahi, maana hewa ilirudi, baridi, yenye harufu ya tope na samaki aliyeoza, ikamshuka kooni na kukaa. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka. Mapafu yalisinyaa pale mezani na hayakufunguka tena.

Nyumbani aliificha habari hiyo. Angesemaje? Mkewe Faida alikuwa katika mwezi wake wa tisa. Kabla ya hapo walikuwa wamezika watoto wawili, na wote wawili walizaliwa kimya, hawakuvuta pumzi hata moja. Faida hakuomba mvulana wala msichana. Aliomba mtoto atakayelia.

Yeye ndiye aliyesikia kwanza. Ilikuwa Jumapili kanisani, mchungaji amewaambia watu waombe kimoyomoyo, na kanisa zima limenyamaza. Gaspard akashusha pumzi. Ikaisha. Kisha katika kifua kilekile ikatoka nyingine, ndefu, yenye majimaji, pumzi ya ng'ombe aliyepanda mlima. Watu wa benchi la mbele waligeuka.

"Papa," Faida alimnong'oneza mumewe, "ni weye?"

"Ni mafua."

"Aka! Mafua haina pumuzi mbili."

Tangu hapo Gaspard akawa anajisikiliza. Alivuta moja na kutoa moja, lakini kila mara ilifuata ya pili, ambayo hakuwa ameivuta. Shati lake lilianza kunuka tope. Usiku Faida alilala akiwa amempa mgongo na mikono juu ya tumbo, macho wazi.

Jumatatu Gaspard alikwenda kwa Muzee Ramazani. Mzee alimvua shati, akaweka sikio mgongoni pake, akasikiliza muda mrefu.

"Iko ndani," alinong'ona.

"Itoe, Muzee. Nakuomba."

"Ijumaa. Nitaleta ng'ombe muzima, utamupulizia mu pua, na mi nitakuwa nasoma. Itarudi kwa ng'ombe, ndio kwao. Lakini mbele ya Ijumaa usipulize kitu. Hata moto. Hata chai."

"Ni hiyo tu?"

Mzee alitazama mlango, akashusha sauti zaidi. "Iko na taabu mule ndani, sababu weye uko mwenyewe wa hiyo kifua. Inatafuta pafu yenye haijapata mwenyewe. Unanisikia? Muke yako akishikwa na uchungu, kaa mbali na mutoto. Mbali sana."

Gaspard alirudi nyumbani. Jumanne hakugusa chai. Jumatano alihesabu saa. Bado siku moja, akasema moyoni, siku moja tu, Mungu wangu.

Uchungu ulimshika Faida Alhamisi, mchana, mvua inamwagika.

Walikwenda maternite ndogo ya mtaani. Mkunga alikuwa Mama Angèle, peke yake, kwa sababu mwenzake alikuwa amemsindikiza mgonjwa mwingine mjini. Gaspard alimfikisha mkewe kitandani, kisha akavuka ua na kusimama chini ya upenu wa upande wa pili, akajifunga mdomo kwa kitambaa cha kichwa cha Faida. Alimsikia mkewe akilia. Alimsikia Mama Angèle akisema sukuma, mama, sukuma. Kisha akasikia kimya. Kimya kile alikijua. Hii ilikuwa mara ya tatu.

"Papa!" Mama Angèle alipiga kelele. "Papa, kuya hapa! Mbio!"

Mtoto alikuwa amelazwa kwenye meza, wa kiume, mzima wa viungo, ana rangi ya tambara. Mama Angèle alikuwa ameinama juu ya Faida, mikono yote miwili imezama katika damu.

"Mupira ya kupulizia watoto imepasuka! Nikiachia hapa, muke yako anakufa. Puliza mutoto, mudomo na pua, polepole!"

"Siwezi, Mama."

"Unasema nini?"

"Siwezi. Nitamuharibia."

"Mapafu ya ng'ombe munapuliza kila siku ku soko, na mutoto yako unashindwa?"

Gaspard alikimbilia mlangoni akaita, akaita tena, na mvua juu ya mabati ikameza sauti yake, hapakuwa na mlinzi, hapakuwa na mpita njia, na nyuma yake Faida, ambaye tangu harusi hakuwahi kumwita ila Papa, alimwita kwa jina, "Gaspard," kwa sauti ndogo kabisa, "Gaspard, huyu asinyamaze," na yeye akageuka, akamwona mtoto anazidi kuwa mweusi midomoni, akahisi kile kitu kifuani mwake kimesimama wima, kimenyamaza, kinangoja, na akajua kinangoja nini, na akajua pia kwamba ni baba na hana njia nyingine duniani, akavuta kitambaa, akainama, akafunika ule mdomo mdogo na ile pua kwa mdomo wake, akajaribu kutoa pumzi yake mwenyewe tu, kidogo, ya kwake tu, lakini ya pili ikaja nyuma yake, baridi, ndefu, ikapita kati ya meno yake, ikaenda yote.

Kifua cha mtoto kilipanda. Midomo ikawa myekundu. Akalia.

"Asante Yesu!" Mama Angèle alisema, naye akaanza kulia.

Gaspard alikaa chini sakafuni. Alishusha pumzi, akangoja. Hakuna kilichofuata. Akashika kichwa na kulia kwa sauti, na Mama Angèle akadhani ni furaha.

Damu ya Faida ilikatika usiku uleule. Ijumaa jioni, walipokwisha kurudi nyumbani, Muzee Ramazani alifika. Ng'ombe alikuwa amemwacha barabarani. Aliweka sikio kwenye mgongo wa mtoto, akanyanyuka polepole.

"Utaitoa?" Gaspard alinong'ona.

"Ilifika pamoja na pumuzi yake ya kwanza. Zimefungana. Nikivuta moja, zote zinatoka."

Faida alikuwa amesikia. Alikuwa amelala kando ya sauti ile usiku tano, hakuhitaji kuelezwa. Alimchukua mtoto mikononi mwa mzee.

"Mi niliomba mutoto wa kulia," alisema. "Huyu analia. Muzee, tunakushukuru, rudi kwako."

Walimwita Espoir. Sasa ana miaka miwili, amenona, anacheka. Gaspard aliacha nyama, anauza makaa. Kuwasha jiko hapulizi, anapepea kwa kifuniko cha sufuria.

Lakini nyumba yao iko kwenye njia ya machinjio. Kila asubuhi ng'ombe wakifika penye ua wao husimama. Wachungaji huwapiga fimbo mpaka zivunjike, hawaendi. Wanageuza pua zao mlangoni na kungoja mpaka Espoir atoke kizingitini, miguu mitupu. Mtoto anashusha pumzi. Kisha inakuja ile nyingine, ndefu, yenye majimaji, na kundi zima linashusha yake kwa pamoja na kwenda kuchinjwa bila kupigwa tena.

Siku nyingine midomo ya mtoto inakuwa na tope. Faida humpangusa kwa ncha ya kitenge, anamwingiza ndani, anafunga mlango.